Ng'ombe anakula chakula cha gunia lakini maziwa yanashuka, naombeni ushauri

Mfugaji_Kisauni
Assalamu alaikum ndugu zangu. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa wa kizungu, Friesian, nilimtoa bara. Kule alikuwa akitoa lita 22 kwa siku. Hapa kwangu Kisauni alianza na 15, sasa nikijumlisha asubuhi na jioni sifiki 8. Nimempandishia chakula cha gunia hadi kilo 10 kwa siku, na kila nikiongeza maziwa yanazidi kupungua, hata malai yamekuwa mepesi. Wateja wangu wananingoja kila alfajiri. Naomba mnitajie chakula chenye nguvu kuliko hiki.

Bi_Mtongwe
Wa alaykum salaam mwanangu. Babangu alifuga ng'ombe wa kienyeji hapa Mtongwe, gunia hawakulijua, na tulikunywa tukashiba. Vijana mwataka lita nyingi kwa haraka. Riziki haikimbizwi.

Dereva_Likoni
Mfungie feni na umpigie taarabu, atatulia tu 😂

Kuku_Changamwe
Angalia hilo gunia lenyewe. Mimi kuku wangu waligoma kutaga mwezi mzima, kumbe chakula kilichanganywa na vumbi la mahindi yaliyooza. Nilirudi dukani, yule bwana akanambia kuku wangu wamezeeka! Tangu hapo nachanganya mwenyewe, dagaa nanunua sokoni Kongowea...

Mganga_wa_Mifugo
Tuache kuku kidogo. Mfugaji, nijibu haya: amezaa lini? Anapumuaje mchana? Nyasi gani? Na maji anakunywa kiasi gani?

Mfugaji_Kisauni
Amezaa, huu ni mwezi wake wa pili tangu azae. Mchana anahema, ulimi nje, mate yananing'inia kama nyuzi. Nampa nyasi kavu za marobota kwa sababu napia, zile nyasi ndefu za kulishia ng'ombe, hapa zimekauka na kaskazi, nyingi anaziacha. Banda zuri, la mabati.

Mganga_wa_Mifugo
Hujanijibu la maji.

Mfugaji_Kisauni
Maji anapata.

Mganga_wa_Mifugo
Kiasi gani, ndugu yangu? Hapo ndipo penye jibu.

Mfugaji_Kisauni
Mtungi asubuhi, mtungi jioni. Lita 20 kila mmoja. Lakini mnielewe: bomba halitoki, maji nanunua kwa mkokoteni, na ya kisimani yana chumvi, akiyaonja anageuza kichwa. Na watu husema ng'ombe akinywa maji sana, maziwa yake huwa maji. Nimepanga vizuri, hata wa pili nishamwekea arubuni bara, Friesian vilevile. Nikipata chakula kizuri watanilipa wote wawili.

Mganga_wa_Mifugo
Maziwa ni maji, sehemu 87 katika 100. Mnyama wa lita 15 kwenye joto kama la Mombasa anaweza kutaka zaidi ya lita 100 kwa siku. Angekuwa anakula napia mbichi, sehemu kubwa ya maji angeyapata humo. Wewe unampa nyasi kavu na mitungi miwili.

Na akikosa maji hali chakula, kwani tumbo la kwanza ni pipa la kuchachusha: bila maji nyasi haichachuki sawasawa wala haishuki. Kuchachua huko nako huzalisha joto mwilini. Mabati yanamchoma juu, tumbo linamchoma ndani, na unyevu wa pwani unazuia jasho na pumzi zisimpoze. Anajipunguzia chakula mwenyewe ili apoe. Tena kule kuhema kunakula nguvu. Mwili hujilisha kwanza, kinachobaki ndicho kinaingia kwenye kiwele. Akiwa ndiyo kwanza amezaa anachota mafuta yake mwenyewe ili atoe maziwa, ndiyo maana ng'ombe kama huyo hukonda.

Kilo 10 za gunia bila nyasi za kutosha zinatia asidi tumboni. Malai kupungua ni dalili yake. Usitafute chenye nguvu zaidi. Rudi kwenye kilo mbili kila ukikamua, na upandishe polepole akianza kula nyasi.

Jicho_la_Bamburi
Ngojeni. Mtu ananunua Friesian kwa pesa zote zile, halafu hana pesa ya mtungi? Na lita 22 alizipima nani? Mimi naona hapa patatajwa jina la gunia fulani punde, tuambiwe ni dawa. Tushaona mijadala kama hii.

Kuku_Changamwe
Hata mimi nilishangaa. Hajasema gunia ni la nani.

Bi_Mtongwe
Muogopeni Mungu, mtu yuko kwenye dhiki mwamwita muongo.

Mfugaji_Kisauni
Sina gunia la kuuza. Lita 22 niliambiwa na aliyeniuzia. Mnataka ushahidi? Ngozi ya shingo nikiivuta inakawia kurudi. Usiku analamba bomba la nje lililokauka, mpaka kutu imetoka, chuma kinang'aa. Nilidhani anatafuta chumvi.

Mganga_wa_Mifugo
Jicho, hili la bomba halitungwi na muuza magunia. Huyo ana kiu.

Mfugaji, ya chumvi usiyatupe: mmwagie mgongoni adhuhuri mpaka ngozi ilowe, ukuta wa upande wa upepo ufungue, juu ya mabati tandaza makuti. Ya mkokoteni yawe ya kunywa. Nyasi mpe alfajiri na usiku. Akiendelea kuhema hata usiku, mwite daktari ampime damu, huku kwetu ndigana, ugonjwa wa kupe, inajificha ndani ya joto. Na huyo wa pili mwache huko bara kwanza. Kama lazima uongeze, tafuta chotara wa Sahiwal, ng'ombe anayestahimili joto, au Jersey, mwili wake mdogo unapoa upesi.

Mfugaji_Kisauni
Arubuni hairudi, ndugu yangu. Muuzaji anangoja salio Ijumaa. Na huyo wa pili ni mtamba, labda atazoea akiwa mdogo.

Jicho_la_Bamburi
Kama ni kweli, sawa, samahani. Lakini maji ya wawili utayatoa wapi?

Mfugaji_Kisauni
Hilo nitalipanga. Leo nimeagiza mitungi sita. Nimpe yote mara moja au kidogo kidogo?

Mganga_wa_Mifugo
Weka pipa kivulini, lijaze, uliache wazi usiku na mchana. Kesho kutwa tuandikie lita ulizokamua, kabla hujatuma hilo salio.