Gumzo la ukoo: gego la Shangazi

Jumatatu

Shangazi Mwanaidi, 19:42
Jamani, gego la chini kulia linanitesa, hii wiki ya tatu. Maumivu yenyewe si ya kudumu. Natafuna vizuri, mara linachoma kama sindano, kisha linatulia. Nikinywa kitu cha baridi nashika shavu. Nimejitazama kwenye kioo, sioni tundu wala weusi.

Baba Salma, 19:45
Pole sana dada. Ling'oe upumzike. Mimi langu lilitoka na nimeshalisahau.

Mama Salma, 19:47
Pole wifi. Kuna mtu aliniambia ukisaga aspirini ukaiweka kwenye ufizi inatuliza.

Nuru, 20:10
Shikamoo Shangazi, shikamooni wote. Samahani, ndiyo kwanza natoka kazini. Mama mdogo, aspirini isiwekwe kwenye ufizi tafadhali. Ni asidi, inaunguza nyama ya mdomo, na nimeshawatibu watu waliokuja na kidonda cheupe pamoja na jino bovu. Shangazi, naomba uniambie kitu kimoja: linachoma unapouma au unapoachia?

Shangazi Mwanaidi, 20:11
Marahaba mwanangu. Ngoja nijaribu.

Shangazi Mwanaidi, 20:13
Ni ninapoachia! Nikibana hakuna neno, nikiachia tu linachoma. Umejuaje?

Nuru, 20:21
Hiyo ndiyo dalili inayotufanya tufikirie ufa. Jino kwa nje lina enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, hata mfupa hauifikii. Ila ugumu wake ni wa kioo, haupindi. Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ina vijitundu vidogo mno vyenye majimaji, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Ukiuma, pande mbili za ufa zinaachana kidogo sana. Ukiachia, zinarudiana ghafla, majimaji yanasukumwa na mshipa unashtuka. Baridi nayo inapenya hapohapo. Sisemi kwa hakika kabla hujaonwa, lakini jino la namna hii si la kusubiri.

Shangazi Mwanaidi, 20:24
Hilo gego lilizibwa zamani sana. Tundu lilikuwa kubwa.

Nuru, 20:26
Basi hapo ndipo wasiwasi wangu unapoongezeka. Jino lililozibwa pakubwa limebaki na kuta nyembamba, na magego ndiyo yanayobeba mzigo mzito wa kutafuna. Miaka ikienda, ukuta mmoja unachoka.

Idi, 20:29
Dada Nuru, si apigwe eksirei tu ionekane? Rafiki yangu alipigwa wakamwambia jino ni zima, na bado linamuuma mpaka leo.

Nuru, 20:35
Eksirei ni muhimu, inaonyesha mzizi na mfupa. Lakini ufa mwembamba kama unywele mara nyingi hauonekani humo. Kwa hiyo Shangazi akifika aeleze yote aliyotuambia, hasa hilo la kuachia. Daktari atampa kijiti cha plastiki aume ncha moja moja ya jino mpaka ile yenye shida ijulikane. Atamulika taa kwa pembeni, kwa sababu mwanga hukatika penye ufa. Pengine atapaka rangi, au atatoa kizibo cha zamani achungulie chini yake. Atapima pia ufizi kuzunguka jino. Kifaa kikizama sana sehemu moja nyembamba, ni dalili kwamba ufa umeshuka kwenye mzizi. Mwambie rafiki yako arudi, Idi.

Baba Salma, 20:38
Mfupa ukivunjika huunga. Jino haliwezi kuunga lenyewe?

Nuru, 20:44
Haliwezi, Baba mdogo. Enameli haina seli hai za kujijenga upya. Tunachofanya ni kulifunga jino pande zote zisiachane. Kipande kidogo kikimeguka huenda kujaziwa kukatosha. Ufa wa kwenye gego mara nyingi unataka kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinachovalishwa juu ya jino. Kiini kikishaathirika, kinasafishwa kwanza kupitia mizizi, kisha ndiyo kofia. Kung'oa ni pale jino limepasuka vipande viwili au mzizi wenyewe umepasuka, hapo hatuna la kuokoa. Ndiyo maana nakuomba Shangazi usikimbilie kung'oa. Pengo linabaki, meno ya jirani yanaanza kuegemea, na la juu linashuka kutafuta mwenzake.

Salma, 20:47
Mimi nina mistari myembamba kwenye meno ya mbele, naiona nikisimama juani. Haiumi. Niogope?

Nuru, 20:49
Usiogope. Hiyo ni mistari ya enameli ya juu, watu wazima wengi wanayo na haitaki tiba. Ila acha kutafuna vipande vya barafu, nimekuona. Na Idi, meno si kifungulio cha chupa. Ukienda mpirani vaa kinga ya meno.

Idi, 20:50
Nimesikia dada.

Mama Salma, 20:53
Na mtu anayesaga meno usingizini je? Baba Salma anasaga mpaka naamka.

Nuru, 20:58
Mama mdogo, afadhali umesema. Kusaga meno usiku ni chanzo kikubwa cha nyufa, kwa sababu usingizini mtu hana kizuizi, anabana kwa nguvu kuliko anapotafuna. Baba mdogo, ukiamka taya zinakuwa nzito? Kichwa kinauma kwenye panda za uso?

Baba Salma, 21:02
Karibu kila asubuhi. Nilidhani ni mto.

Nuru, 21:04
Utapimwa utengenezewe kinga ya kulalia, inavaliwa kwenye meno na kupokea mbano badala ya jino. Hata hilo jino ulilong'oa ningependa kujua lilianzaje.

Shangazi Mwanaidi, 21:06
Na mimi usiku huu nifanyeje?

Nuru, 21:12
Tafuna kushoto tu, vitu laini, visiwe vya moto sana wala baridi sana. Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kunywa parasetamoli kama pakiti inavyoelekeza. Ibuprofeni iache, una vidonda vya tumbo. Shavu likivimba, ukapata homa, au kumeza na kupumua kukawa shida, usingoje asubuhi, Idi akupeleke hospitali usiku huohuo.

Alhamisi

Shangazi Mwanaidi, 16:30
Wanangu, nimetoka kwa daktari. Alitoa kizibo cha zamani, ufa ukaonekana chini yake. Haujafika kwenye mzizi. Kiini anaona bado kizima. Ameniwekea kofia ya muda, ya kudumu baada ya wiki mbili. Amesema kiini kinaweza kuchoka baadaye kikahitaji kusafishwa, kwa hiyo likianza kuuma lenyewe bila kutafuna nirudi.

Nuru, 16:41
Alhamdulillahi. Nimefurahi sana Shangazi. Kitu kinachonata usikitafune upande huo, kofia ya muda hung'oka kirahisi.

Mama Salma, 16:44
Pole na hongera wifi.

Baba Salma, 17:15
Nuru, hiyo kinga ya kulalia nipimwe lini?

Nuru, 17:18
Jumamosi saa tatu asubuhi, Baba mdogo. Nitakusubiri mlangoni.