Tupeane uzoefu: wanasarakasi mliofika Ujerumani, mlisikia nini kuhusu wenzetu wa enzi za Hitler?

Jamani, salaam. Mimi ni mwanasarakasi wa Mombasa, huenda Ujerumani kwa mikataba ya msimu. Mwaka juzi tulisimamisha hema karibu na Darmstadt, na mzee anayetunza farasi akanihadithia habari ya Irene Danner, Myahudi wa ukoo wa wanasarakasi wa Lorch. Mwaka 1941 Adolf Althoff na mkewe Maria walimpa kazi kwenye sarakasi yao kwa jina la bandia. Baadaye wakawapokea mama yake na dada yake. Baba yao alikuwa mwanajeshi wa Ujerumani. Aliporudishwa nyumbani aende akampe mkewe talaka kwa kuwa ni Myahudi, akaenda kujificha nao. Wakaguzi walipokuja, Althoff aliwakalisha kitako akawamiminia konyaki, huku familia imefichwa.

Kinachonishika ni wale wengine. Kwenye sarakasi tunalala kwenye magari yanayogusana. Hata kikohozi cha jirani unakijua. Waliojua ni wengi, na neno moja tu lingewaua wote. Mimi husimama juu ya mabega ya wenzangu kila usiku, lakini mzigo wa namna hiyo sijawahi kuubeba. Irene alinusurika. Bibi yake alichukuliwa, akapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Nanyi?

*

Mkuu, mimi niko Berlin. Nenda Brunnenstraße, utaona kijiwe cha shaba cha kumbukumbu barabarani chenye jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa askari wa Wajerumani angali mtoto. Mwaka 1929 akaja hapa kudai mshahara wake wa uaskari. Hakulipwa. Akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu, akapita na maonyesho ya Waafrika yaliyozungushwa nchini hadi Wanazi walipoyapiga marufuku mwaka 1940. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kuwa na mwanamke mzungu. Alifia kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Novemba 1944. Niliposoma "Dar es Salaam" pale chini, nilichutama nikakifuta kwa leso.

*

Theodor Wonja Michael naye, aliyezaliwa Berlin kwa baba Mkameruni, alichezeshwa maonyesho ya namna hiyo tangu mtoto, watu wakimshika nywele. Mimi pia nimeshikwa nywele mlangoni pa hema, miaka hii hii. Huwa sisimulii.

*

Ahsante, ndugu zangu. Mwezi ujao hema letu linaingia Berlin. Wewe wa Brunnenstraße, nipeleke. Nitakuja na leso yangu.