Msaada: Access inaniuliza Yes kila makro ikikimbia, naizimaje?

KijanaWaVwawa: Wakuu, habari za majukumu. Nashika kompyuta ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya kahawa huku Mbozi. Nina makro (amri zinazojiendesha zenyewe) ya Access, programu ya hifadhidata, yenye kwiri nne mfululizo, yaani maagizo ya kushughulikia rekodi, na kila kwiri inasimama kuniuliza kama nina hakika, mpaka nibonyeze Yes. Nataka niiache ijiendeshe usiku, asubuhi nikute orodha ya malipo tayari. Jana niliiacha, nikaikuta imekwama kwenye swali la kwanza. Mwenyekiti anataka orodha Ijumaa. Naombeni msaada wa haraka.

MzeeWaUyole: Access imetoka 1992, kijana wangu. Hamia MySQL, hifadhidata ya seva, upumzike. Mimi ofisi yetu ilisumbuka na faili moja la Access likiguswa na watu sita, kila umeme ukikatika linaharibika. Tulipohama ndipo nikaanza kulala.

DadaMafinga: Mzee, hajauliza hilo. Mdogo wangu, fungua makro kwenye Design View, bonyeza Show All Actions, SetWarnings, ile ya kuwasha na kuzima maonyo, itajitokeza. Iweke No mwanzoni. Makro ikiisha, maonyo yanarudi yenyewe. Ukitumia VBA, lugha ya kuandikia msimbo ndani ya Access, hayarudi mpaka uandike DoCmd.SetWarnings True. Ila hizo kwiri nne zinafanya nini?

KijanaWaVwawa: Asante dada. Kwa kweli SetWarnings nimeshaiweka asubuhi na inakimbia vizuri, nilitaka tu uhakika kwamba ni salama. Mbili zinaongeza rekodi, moja inarekebisha bei.

DadaMafinga: Hizo ni tatu. Ya nne?

KijanaWaVwawa: Inafuta jedwali la muda la stakabadhi za kilo za wakulima zikishahamishwa. Lazima ifute, la sivyo kesho yake zinaingia mara mbili. Na mwenyekiti ameshaiona ikifanya kazi, ameridhika. Siwezi kurudi nyuma.

DadaMafinga: Hapo ndipo penye hatari. Stakabadhi ikigongana namba na nyingine, au ikiwa na mwanachama asiyekuwepo kwenye rejista, Access inaikataa. Maonyo yakiwa wazi inakwambia imeshindwa kuingiza rekodi ngapi na kwa nini. Ukiyazima, inaziruka kimyakimya na kuingiza zilizobaki. Halafu kwiri yako ya nne inafuta zote, hadi zilizokataliwa. Kilo za mtu zimeondoka na hakuna wa kuuliza.

JirekebisheTZ: Kompyuta ikikuuliza mara nne kama una hakika, ujue imekusoma 😂

MamaIgamba: Msicheke. Baba yangu alilima kahawa miaka yote, akipeleka anapewa karatasi, anaikunja anaiweka kwenye Biblia. Kilo za mkulima ni ada ya mtoto. Kijana, mwogope Mungu.

MlowoStendi: Ngojeni kwanza. Huu ni mwezi wa pili. Kahawa ya Mbozi tunaanza kuichuma Mei, Juni; sasa hivi iko mtini, kijani kabisa. Stakabadhi gani hizo za kila siku? Ama hii ni kazi ya chuo, ama kuna mtu anatafuta namna ya kupunguza kilo za watu bila kuacha alama.

MzeeWaUyole: Aisee. Hata mimi nilishaanza kushangaa.

KijanaWaVwawa: Mkuu, umeniumiza. Ni stakabadhi za msimu uliopita, tunaziingiza upya kutoka vitabuni kwa ajili ya malipo ya pili, yale ya nyongeza baada ya kahawa kuuzwa. Vijana wanachapa mchana, usiku mimi naunganisha. Nakala za vitabu zipo kabatini kwa katibu.

MlowoStendi: Kama ni malipo ya pili, sawa. Basi chukua kitabu kimoja, jumlisha kilo, linganisha na Access. Utuletee jibu hapa.

KijanaWaVwawa: Kitabu cha kwanza kimekubali. Cha pili kimepungua kilo 86. Ni stakabadhi mbili za mama mmoja. Kwenye namba yake ya uanachama kijana alichapa herufi O badala ya sifuri.

MamaIgamba: Umeona?

DadaMafinga: Toa SetWarnings. Andika Set db = CurrentDb, kisha db.Execute na jina la kwiri, ukimalizia na dbFailOnError. Haiulizi chochote, lakini rekodi moja ikikataliwa inasimama na kurudisha kwiri hiyo yote nyuma. Kwa huyo mama ungepata kosa 3201, yaani mwanachama hayupo kwenye rejista. Zote nne zifungie ndani ya BeginTrans na CommitTrans, zikubaliwe zote kwa pamoja; kosa likitokea ziende Rollback, yaani kila kitu kirudi kilivyokuwa. Kufuta kusubiri RecordsAffected, yaani idadi ya rekodi zilizoingia, ilingane na idadi ya stakabadhi. Na kabla ya yote, nakili faili zima pembeni. Mwenyekiti mwambie orodha ni Jumatatu.

KijanaWaVwawa: Jumatatu atanielewa vipi? Ila sawa, nimenakili faili. Sasa kwiri ya bei inakataa, kosa 3061, Too few parameters.

DadaMafinga: Inasoma tarehe kutoka kwenye fomu, sivyo? Execute haiioni fomu. Ifungue ndani ya msimbo kama QueryDef (kwiri iliyohifadhiwa), uipe hiyo tarehe kwenye Parameters, ndipo uiendeshe. Weka msimbo wako hapa tuuone.