Tununue gari au tuhame kutoka Sharjah? Dubai inanimaliza, naombeni ushauri

BintiPangani

Wakuu, habari za usiku. Naandika saa sita kasoro, mtoto amelala, mume yuko zamu. Nimekuwa msomaji wa kimya hapa kwa muda mrefu, leo nina langu.

Tuna miaka mitatu Falme za Kiarabu. Tunaishi Al Nahda upande wa Sharjah, chumba na sebule, kodi dirhamu 34,000 kwa mwaka, tunalipa kwa cheki nne. Mimi ni mhasibu kwenye ghala moja huko Al Quoz, Dubai, mshahara 9,000. Mume anapata 5,500. Mtoto wetu ana miaka minne, mchana anashinda kwa jirani Mkenya tunayemlipa.

Safari yangu ni hii. Natoka alfajiri giza bado halijaachia, navuka kwa miguu hadi upande wa Dubai, napanda basi hadi stesheni ya Stadium, metro ya mstari wa kijani hadi Union, nabadilisha naingia mstari mwekundu, nikishuka basi tena. Asubuhi safari inachukua saa moja na dakika 40. Jioni inachukua saa mbili na robo, siku nyingine zaidi, maana mpaka wa Sharjah jioni haupitiki. Mwezi wa nane nafika kazini nguo zimelowa jasho kama niliyetoka baharini.

Ninaporudi mtoto ameshalala. Wiki iliyopita alimwambia jirani, "Mama yangu anakuja Jumamosi." Jirani aliponisimulia nilishindwa kuingia ndani, nikakaa kwanza kwenye ngazi.

Mume anataka tukope benki tununue Nissan Sunny ya 2021, inauzwa 32,000. Sisi tunatoa asilimia 20, yaani 6,400, iliyobaki tunalipa kwa miaka minne. Anasema siku tukirudi nyumbani tutaisafirisha Tanga, kwa hiyo hela haipotei. Nimepiga hesabu ya marejesho na mafuta, naona tunamudu, lakini moyo unasita. Leseni ya hapa sina, nina ya Tanzania tu. Wenye uzoefu niambieni ukweli wala msinionee haya.

MzeeWaSeeb

Assalaamu alaykum mwanangu. Mimi nipo Maskati, nimetoka Unguja tangu 1971. Huku kwetu bila gari huna miguu. Metro hatuna, mabasi yapo lakini hayafiki kila mtaa, na jua unalijua mwenyewe. Watoto wangu wote niliwaambia wakipata kazi, kitu cha mwanzo ni gari, tena Toyota, maana fundi wake yupo kila pembe na kuliuza ni siku mbili.

Mtoto kusema mama anakuja Jumamosi, hilo limenichoma. Kama gari litakurudisha kwa mwanao mapema, nunueni. Hela hutafutwa ikapatikana.

Dalali_RasAlKhor

Dada, niko kwenye biashara ya magari hapa Ras Al Khor mwaka wa kumi na moja, napeleka Dar na Mombasa. Naomba nianze na shemeji, kwa heshima zote.

Hilo la kuisafirisha Tanga aliondoe kwenye hesabu leo leo. Magari ya hapa usukani uko kushoto kwa sababu tunaendesha kulia. Yale ya usukani wa kulia anayoyaona kwenye eneo huru letu yametoka Japani, yanapita tu kwenda Afrika, hayasajiliwi kutembea barabara za hapa. Sunny ya Dubai utaiuza hapa hapa, na ikifika siku ya kufunga mizigo unaiuza kwa bei ya mnunuzi, si yako.

La pili, mageti ya Salik, yaani ushuru wa barabara wa Dubai. Watu wengi wana ile hesabu ya zamani ya dirhamu 4. Tangu mwisho wa Januari 2025, saa 12 hadi saa 4 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku ni dirhamu 6 kila geti. Saa nyingine ni 4, Jumapili pia 4, na bure ni saa 7 usiku hadi saa 12 alfajiri. Ukitoka Al Nahda kwenda Al Quoz kwa barabara ya Al Ittihad na Sheikh Zayed unakula Al Mamzar, Al Garhoud na Al Safa. Hapo ni 18 kwenda na 18 kurudi. Barabara ya Sheikh Mohammed bin Zayed haina geti kwenye kipande hicho, lakini asubuhi utakaa humo mpaka usahau ulikuwa unakwenda wapi.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Mnakumbuka mvua ya tarehe 16 Aprili 2024, ile iliyoonekana kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za miaka 75 ya nchi hii. Magari maelfu yalizama. Mengi yalikaushwa, yakapigwa sabuni, yakarudi sokoni, na ya 2021 ndiyo hasa umri wake. Jamaa yangu mwenyewe aliuziwa moja na muuzaji mmoja mwenye maneno matamu. Tulilikagua pamoja akiwa ameshalipa, na hapo ndipo nilipoona uchungu wa kuchelewa. Nilivuta mkanda wa abiria wa nyuma mpaka mwisho wake kabisa, ile sehemu ambayo haijawahi kutoka. Inchi za mwisho zilikuwa na mstari wa tope lililokauka, rangi ya chai ya maziwa. Nikachomoa zulia chini ya kiti, bolti za reli zimeshika kutu. Nikawasha kiyoyozi kwa nguvu, ikaja harufu ya gunia lililolala kwenye maji. Gari nje linang'aa kama la harusi.

Ukinunua popote, fanya hayo matatu kabla ya kutoa hata dirhamu moja, halafu ulipie ukaguzi kwenye kituo utakachochagua wewe, si cha muuzaji.

BintiMvita

Dadangu pole sana. Mimi nazungumzia leseni tu.

Ukiwa na viza ya ukaazi huwezi kuendesha na leseni ya Kenya wala Tanzania, na hazibadilishwi moja kwa moja kama za Ulaya. Kuna njia mbili. Tangu 2023 Dubai inatoa kitu wanachokiita nafasi ya dhahabu: mwenye leseni ya kwao anafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani bila kupitia darasa, mara moja tu. Ukifeli, unaenda shule ya udereva kama wengine wote.

Mimi niliingia na nafasi hiyo kwa kujiamini, nimeendesha Mombasa miaka tisa, nimepita Makupa na Kongowea saa za jioni. Nilifeli dakika ya nne. Nilitazama kioo kwa macho, sikugeuza shingo. Halafu kwenye mzunguko mkono ukataka kwenda kushoto kwa mazoea ya nyumbani. Mtahini hakupaza sauti, aliandika tu. Nikaenda shule, nikafeli tena mara moja, nikapita ya tatu. Kwa jumla zilitoka zaidi ya dirhamu 6,000 na miezi mitano. Wapo waliopita mara ya kwanza na nakuombea uwe mmoja wao, lakini usisaini mkopo wa gari kabla ya leseni kuwa mkononi. Nina rafiki aliyefanya hivyo, gari likakaa juani miezi mitatu, betri ikafa, huku benki ikikata kila tarehe 1.

HesabuKwanza

BintiPangani, umeandika vizuri ila kuna kitu hukukitaja. Mumeo anafanya kazi wapi?

BintiPangani

Ahsanteni sana jamani, nasoma kila neno. Mzee wangu wa Seeb, shikamoo.

HesabuKwanza, mume yuko upande wa mizigo uwanja wa ndege wa Dubai, zamu za kubadilishana. Anapanda basi, siku nyingine anapanda kalifti, yaani gari binafsi la kulipia, ya jamaa mmoja.

HesabuKwanza

Basi nilivyodhani. Wewe na mumeo wote mnafanya kazi Dubai, mnalala Sharjah kwa ajili ya kodi. Nilikaa hivyo miaka minne na najua inavyokula mtu, kwa hiyo nimekufanyia hesabu kama ningeifanya ya kwangu.

Gari kwa mwezi. Marejesho ya 25,600 kwa miezi 48, weka 620 hivi. Bima, na benki haitakubali bima ndogo, itataka bima kubwa, tuseme 1,800 kwa mwaka, hiyo ni 150. Mafuta 420, bei yake hubadilika kila mwezi. Salik, dirhamu 36 mara siku 22, ni 792. Hapo ndipo watu wanapoumia, wanahesabu mafuta wanasahau mageti. Maegesho usiku huko Al Nahda ni vita, viwanja vya kulipia weka 250. Sevisi, tairi, betri ambayo joto la hapa halikuachii zaidi ya miaka miwili hivi, na ukaguzi wa kila mwaka wa kuhuisha mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari, weka 200. Jumla 2,432. Toa 350 unayolipa sasa kwenye kadi ya Nol, ile ya nauli ya basi na metro, inabaki 2,082. Sijagusa faini.

Sasa kuhama. Chumba na sebule Al Qusais, upande wa Dubai, jengo la kawaida karibu na metro, nimeona watu wanapata kwa 56,000. Ni 22,000 juu ya unacholipa, yaani 1,833 kwa mwezi. Dubai kuna ada ya nyumba, asilimia 5 ya kodi, inakuja kidogo kidogo kwenye bili ya maji na umeme: 233. Jumla 2,066.

Umeona? Ni dirhamu 16 tu zinazotenganisha gari na nyumba. Sikutegemea, nilirudia mara mbili.

Kwa hiyo tazama saa. Sasa hivi unapoteza karibu saa nne barabarani kila siku. Kwa gari asubuhi ni dakika 45, jioni saa moja na nusu kama Mungu akisaidia, nawe ndiye unayeshika usukani. Kutoka Al Qusais metro inakufikisha kwa karibu saa moja kwenda, saa moja kurudi, umekaa au umesimama lakini hakuna foleni. Muda unalingana. Ila gari linamsaidia mmoja wenu kwa wakati mmoja, nyumba inawasaidia wote wawili. Mumeo kutoka Al Qusais hadi uwanja wa ndege ni dakika chache, siku za zamu ya usiku anaweza kushinda na mtoto. Na ile kalifti aiache, ya mtu asiye na kibali wakiikamata ni faini kubwa kwa dereva na abiria anabaki barabarani.

Hela ya kuanzia nayo uiangalie: dhamana ya nyumba asilimia 5, dalali kwa kawaida asilimia 5, dhamana ya umeme 2,000. Hiyo ni 7,600. Gari mlitaka kutoa 6,400 bila leseni.

KijanaWaSatwa

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naongeza moja kwa shemeji. Mji huu unakaza macho kwenye magari. Aprili 2023 kuna namba ya gari, P 7, ilinunuliwa kwenye mnada wa hisani kwa dirhamu milioni 55. Namba tu, bila gari. Mtu akikaa kwenye basi akitazama Patrol na G-Class zinampita, anaanza kujiona amechelewa maishani. Na nyumbani wanauliza: uko Dubai mwaka wa tatu, gari liko wapi? Mimi nilinunua kwa sababu ya swali hilo. Mkataba wangu wa kazi ulipokatishwa nilikuwa nadaiwa 19,000 na gari lilikuwa na thamani ya 13,000. Deni likikushinda hapa, benki inaweza kuomba usitoke nchini. Nililala kwenye kitanda cha kukodi Satwa miezi saba kulifuta.

Siku ambayo mnahitaji gari kweli, kwenda Fujairah au Hatta na mtoto, kodisheni kwa siku.

MzeeWaSeeb

Nimesoma hesabu ya kijana huyu. Narudisha maneno yangu, mwanangu. Nilisema kwa hali ya Maskati, na huko mnayo treni. Hameni.

Dalali_RasAlKhor

Mimi muuza magari nasema hivyo hivyo. Ila dada, leseni itafute polepole hata bila gari. Hapa inafungua kazi.

BintiPangani

Wapendwa, nimekaa wiki mbili bila kuandika, samahanini.

Nilimsomea mume uzi wote, mpaka maoni ya shemeji wa Satwa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia: kaka yake anamuuliza kila mwezi kuhusu gari, ndiyo maana alikuwa ananisukuma. Nilimshika mkono tu.

Jumamosi tulikwenda Al Qusais sote watatu. Tumeona nyumba nne. Ya tatu ni ghorofa ya pili, jikoni dogo, dirisha linatazama ukuta, lakini kutoka mlango wa jengo hadi stesheni nilihesabu dakika saba kwa hatua za mtoto. Wanataka 57,000, cheki nne. Mume ameomba 55,000, wamekubali 56,000. Mtoto alilala chini kwenye sakafu tupu akasema hapa ndipo kitanda chake kitakapokaa.

Cheki tunapeleka Jumatatu. Leseni nitaanza na mtihani wa nadharia baada ya Ramadhani, BintiMvita nitakusumbua. Na kama kuna anayemjua mtu wa kuhamisha vyombo kutoka Al Nahda, friji moja, vitanda viwili na kabati, mwenye bei ya kueleweka, naomba aniandikie pembeni.