Lenzi ya mjomba kwenye kamera ya kisasa: nusu ya picha zangu hazina ukali, naomba ushauri

Mtoto wa Raskazone (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa, na wakubwa wote shikamooni.

Mimi hupiga picha kwa kujifurahisha tu, ninaishi Tanga, na sijawahi kumtoza mtu hata shilingi kwa picha. Mwaka jana nilinunua kamera ya Sony a6000 iliyokwisha kutumika, nikawa nimeridhika na lenzi ndogo iliyokuja nayo, hadi mjomba wangu, ambaye enzi za filamu alikuwa na studio, aliponipa lenzi ya Helios 44-2 iliyokaa miaka mingi ndani ya mkoba wa ngozi pamoja na kamera yake ya Zenit. Ni lenzi ya milimita 58 yenye tundu la f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ya chuma tupu, na nilipoipima tu mkononi niliagiza adapta, yaani pete ya kuiunganisha na kamera yangu, siku ileile.

Mwanzoni kamera ilikataa kupiga kwa madai kwamba haina lenzi, nami nikaingia kwenye menyu nikairuhusu kupiga bila lenzi. Hilo likaisha, lakini mengine yamenishinda. Siku ya Idi niliwapanga ndugu saba kwa safu mbili, nikasimama umbali wa mita tano hivi, nikazungusha pete ya mbele hadi 8 ili wote watoke vizuri. Waliokaa wametoka safi, ila waliosimama nyuma nyuso zao ni kama zimepakwa mafuta. Nikipiga majahazi yaliyo mbali, yanakuwa makali kabla pete ya fokasi haijafika kwenye alama ya nane iliyolala, yaani ya mbali kabisa, na nikiifikisha pale yanafifia. Ile mistari myekundu inayoonyesha palipo na ukali nayo inanidanganya, kwa kuwa huujaza uso mzima huku macho yakitoka hafifu. Isitoshe, ukingoni mwa kioo nimeona kitu mfano wa uzi wa buibui.

Je, niendelee na lenzi hii, au niiweke kabatini kama kumbukumbu na kutafuta lenzi inayojilenga yenyewe? Naomba kuwasilisha.

Fundi Kurunzi

Marahaba. Kabla sijasema lolote, fanya jaribio moja. Ishike lenzi ikiwa nje ya kamera, itazame kwa mbele, kisha zungusha hiyo pete ya mbele kutoka 2 hadi 8. Je, vile vibati vyembamba vya ndani vinajifunga?

Mtoto wa Raskazone

Havisogei hata kidogo! Ila kuna pete nyingine jirani yake isiyo na mlio wowote, inazunguka kwa ulaini. Nilidhani ni kitu kilichokatika ndani. Nimeizungusha sasa hivi na tundu limejifunga. Ina maana gani?

Fundi Kurunzi

Ina maana lenzi yako ni nzima na picha ya Idi uliipiga kwa f/2, ndugu yangu. Helios 44-2 ina pete mbili za tundu. Ile yenye mlio huweka tu mpaka, yaani unaiambia lenzi isifunge zaidi ya 8. Ile laini ndiyo inayofungua na kufunga kweli, kutoka 2 hadi kwenye mpaka uliouweka. Mpigapicha wa zamani alilenga tundu likiwa wazi ili aone vizuri kwenye kioo chake, kisha akaisukuma pete laini hadi igote, akapiga. Wewe uliweka mpaka lakini hukufunga mlango, na kamera yako haikuwa na namna ya kukuonya, kwa sababu hakuna waya wala pini inayoiunganisha na lenzi hiyo. Yenyewe hupima mwanga unaoifikia na kurekebisha kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, basi.

Kwa sensa ya kamera yako, yaani kibati kinachopokea picha badala ya filamu, na umbali wa mita tano, f/2 hukupa eneo kali la takriban sentimita 60 tu, mbele na nyuma ya ulipolenga vikijumlishwa. Ukifunga hadi f/8 eneo hilo linapita mita mbili. Wajomba wa safu ya nyuma wangeingia wote na nafasi ikabaki.

Bi Shata, Nairobi

Nami niongeze kuhusu mistari myekundu, kwa sababu ilinipotezea mwaka mzima. Mistari ile haipimi umbali. Kamera hutafuta tu mahali ambapo weusi na weupe vinakutana kwa ghafla, na nyusi, ukingo wa miwani au nakshi za kitenge huitosheleza hata kama jicho lenyewe halimo. Ipunguze hadi kiwango cha chini kabisa kwenye menyu na uitumie kukaribia tu. Kisha weka kitufe kimoja kiwe cha kukuza sehemu ndogo ya picha, ambacho kwenye a6000 hukuza mara 5.9 na ukikibonyeza tena hukuza mara 11.7, na ulenge ukope ukiwa pale. Mtu akiwa umbali wa mita moja, kwa f/2, eneo lako kali halizidi sana sentimita mbili, kwa hiyo wewe mwenyewe ukiyumba mbele kidogo kama mtu anayesikiliza taarabu umeshalipoteza jicho. Mimi hupiga picha tatu mfululizo na kuchagua moja.

Kumbuka pia kwamba a6000 haina kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili wake. Kwa sensa hiyo, milimita 58 zinaonekana kama 87 za filamu, hivyo kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde kwa mtu aliyetulia, na kwa watoto anzia 1/250, hata kama ISO, yaani wepesi wa sensa kunasa mwanga, itapanda. Wenye kamera zenye kitulizo waandike 58 kwenye menyu, wala si 87, maana kitulizo kinataka urefu halisi wa fokasi ulioandikwa kwenye lenzi.

Mzee wa Praktica

Suala la majahazi ni adapta. Lenzi za skrubu ya M42, kama hiyo yako, zilitengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, ilhali mlango wa Sony, yaani pale lenzi inapofungwa, uko milimita 18 tu kutoka kwenye sensa, kwa hiyo adapta sahihi ina unene wa milimita 27.46 na haihitaji kioo chochote ndani. Watengenezaji wa adapta za bei nafuu huzifanya fupi kidogo kwa makusudi, kwa kuwa ikizidi unene, hata kwa kiasi kidogo, lenzi haitaweza kulenga vitu vya mbali kabisa, na mteja atairudisha. Ya kwako ni fupi. Haina madhara isipokuwa usiamini namba za umbali zilizochorwa kwenye pete. Lenga kwa jicho.

Nafasi hiyo ya milimita 27 ndiyo siri ya mchezo wote huu. Lenzi za Canon FD, ambazo Canon yenyewe iliuacha mfumo wake mwaka 1987 ilipoleta mfumo mpya wa EF, hukaa milimita 42 kutoka kwenye filamu, nazo hazikuweza kufungwa kwenye kamera za EF zenye milimita 44 na kulenga mbali bila adapta yenye kioo, ambacho mara nyingi kiliharibu picha. Kwenye kamera zisizo na kioo cha kujikunja ndani, kama yako, zinafanya kazi bila shida. Ukija kuongeza lenzi nyingine, hakikisha ina pete yake ya tundu: Nikon za herufi G hazina, na Canon EF hufunga kwa umeme, hivyo adapta ya chuma tupu haitakusaidia.

Mpinzani wa Heshima

Niruhusuni niseme tofauti. Kama unachopenda ni watoto wakicheza mpira ufukweni, tafuta lenzi inayojilenga na usijitese, kwani hakuna ustadi wa vidole utakaomshinda mtoto anayekimbia kukuelekea. Helios ni ya mtu aliyekaa, mti, sahani ya chakula, mzee anayesimulia. Sisemi uiuze, nasema usiipe kazi isiyo yake.

Mama Chumvichumvi, Mombasa

Huo uzi wa buibui ni kuvu, mwanangu, na sisi wa pwani tunaijua vizuri. Washa kurunzi, iangazie lenzi kwa nyuma huku tundu likiwa wazi, uone imeenea kiasi gani. Ikiwa iko ukingoni tu, picha zako hazitaonyesha tofauti, labda ukipiga kulielekea jua, ambapo ukungu mweupe utaongezeka. Na Helios hata ikiwa safi haipendi jua la mbele, kwa hiyo itafutie kikinga jua cha milimita 49. Ikiwa imefika katikati, mpelekee fundi anayefungua lenzi, ukijua kwamba kuvu iliyokwisha kuila rangi ya juu ya kioo huacha alama isiyofutika.

Usiirudishe kwenye ule mkoba wa ngozi, maana ndimo kuvu ilimozaliwa. Tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pakiti za silika na kipima unyevu kidogo, na ujitahidi kibaki kati ya asilimia 40 na 50. Wapo wanaoweka mchele; mchele una vumbi, uache jikoni.

Mtoto wa Raskazone

Nawashukuru sana. Nimeangazia kurunzi, na kuvu iko upande mmoja wa ukingo, haijafika katikati. Lenzi sasa inalala ndani ya kopo lililokuwa la biskuti za Idi, hadi nitakapopata chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana. Leo jioni nilimkalisha mjomba barazani, nikamlenga jicho kwa kukuza kama alivyoelekeza Bi Shata, nikafunga kwa pete laini hadi f/4, nikapiga saba na kupata nne ambazo ukope unahesabika. Majani ya mwembe nyuma yake yamelainika kwa namna ambayo lenzi yangu nyingine haijawahi kuifanya.

Nilipomweleza habari ya picha ya Idi aliichukua kamera, akaiweka jichoni, na kidole chake cha kati kikaipata pete ile chenyewe, bila yeye kuitazama, kikaisukuma hadi ikagota. Kisha akaniuliza kwa nini sikumuuliza tangu mwanzo.