Daipa za mtu mzima ninazoshona hazivuji lakini zinachubua ngozi, nirekebishe wapi?

FundiLanet:
Wadau habari zenu. Mimi ni fundi cherehani hapa Lanet, Nakuru, kazi yangu ilikuwa yunifomu za shule tu mpaka mama mkwe alipopata stroki akawa mkojo unatoka bila yeye kujua. Za dukani zilitumaliza, kila siku anatumia nne au tano, nikasema mbona nisishone za kufua. Ndani nimeweka taulo mara mbili, juu yake kitambaa cha fulana za mtumba kwa sababu ni pamba tupu na kinateleza vizuri, nje ile nailoni ya kutandika meza, mapajani lastiki. Haivuji hata tone na hapo najisifu. Sasa wiki ya pili nikaona kinenani na matakoni ngozi imekuwa nyeusi kuliko kawaida na inang'aa, ikaanza kubanduka, nikimpangusa anafinya mkono wangu. Majirani wawili wanataka niwashonee wazee wao na mimi naogopa kuuza kitu cha kuumiza watu. Nikiongeza taulo la tatu itasaidia ama?

OdhisKondele:
Pole dada. Mzee wangu tulipitia hayo na joto la Kisumu unalijua. Sisi mchana saa nane hivi namvua, namlaza juu ya taulo na leso mlango wa uani ukiwa wazi, nusu saa hivi upepo upite. Harufu nayo nilikuwa naimaliza na maji ya magadi, haya haya ya kupikia mboga ya osuga, unampangusa nayo. Jaribu.

SistaMstaafu_Kakamega:
Odhis ndugu yangu, kumvua apigwe na upepo uko sawa kabisa, lakini magadi yaache kwa osuga. Ngozi ya mtu ina uasidi kidogo, pH kama 5 hivi, na huo uasidi ndio askari wake. Mkojo ukikaa, bakteria wanavunja yurea iliyo ndani inakuwa amonia, ndio ile harufu inayokupanda puani asubuhi, na amonia inaua huo uasidi. Choo kikubwa kikikutana na hali hiyo ndio balaa, kwa sababu kina vimeng'enya vya kusaga chakula na uasidi ukipungua vinachangamka, vinaanza kusaga ngozi. Magadi yanafanya kazi ile ile ya amonia. Sabuni ya kipande pia. Tumia maji ya vuguvugu na kitambaa laini, usisugue, gonga gonga mpaka pakauke, halafu krimu ya zinki kidogo. Kidogo! Ukipaka nyingi kama siagi ya mkate inahamia kwa daipa, kitambaa kinaziba hakinywi tena.

FundiLanet, uliangalia vizuri, kwa ngozi yetu wekundu hauonekani kirahisi, ni huko kung'aa na kuwa nyeusi. Ila angalia pia mfupa wa chini ya kiuno. Kidonda kikiwa pale pale juu ya mfupa hicho kinaweza kuwa cha kulalia, na taulo nene inazidisha kukandamiza. Mgeuze kila baada ya saa mbili hivi. Na ukiona vipele vidogo vidogo pembeni ya sehemu iliyochubuka mpeleke kliniki, inaweza kuwa fangasi na zinki haitaimaliza.

Otis_wa_Mashine:
Niliwahi kufanya kazi kiwanda cha daipa kwa hiyo nitaongea kama fundi kwa fundi. Taulo la tatu hapana. Wewe umeuliza inabeba kiasi gani, swali ni inautoa mkojo kwa ngozi haraka kiasi gani na haiurudishi. Fulana ya pamba ni tamu ikiwa kavu, ikilowa inabaki imelowa imemgandia mama usiku kucha. Ya dukani juu ina kitambaa cha plastiki laini kisichonywa, mkojo unapita tu, chini yake kuna tabaka la kuutawanya, halafu nyuzi za mti zilizochanganywa na punje za sodiamu poliakrileti zinazogeuka jeli. Punje hizo kwa maji safi zinabeba mamia ya mara uzito wake, kwa mkojo ni kama mara 30 tu, chumvi inazizuia. Usithubutu kupasua daipa ya dukani ushonee punje hizo kwa yako, ukifua utakuta uji kwa beseni.

Kwako, mahali pa fulana weka kitambaa cha flisi, hata ya blanketi la mtumba, safu moja tu, na ukifua usitie ile sabuni ya kulainisha nguo. Nailoni ya meza itoe, mama anapikwa humo ndani. Tafuta kitambaa cha PUL, ile wanashonea daipa za kitambaa za watoto, inazuia maji lakini mvuke unapita. Ukitaka kuhakikisha muuzaji hakudanganyi, funga kipande juu ya kikombe cha maji moto, shikilia kioo juu yake, kisipopata ukungu rudisha.

Halafu pima. Gramu 9 za chumvi kwa lita ya maji, mimina mililita 300 katikati, subiri dakika kumi, weka tishu kavu na kitu cha kilo mbili juu, dakika mbili, halafu pima tishu kwa mizani ya jikoni. Uzito ulioongezeka ndio maji yanayorudi kwa ngozi.

FundiLanet:
Nimerudi. Ya zamani tishu iliongezeka gramu 21, ya flisi gramu 6, nikarudia nikidhani mizani imeharibika. Nailoni ya meza, kioo kilibaki safi kama kimetoka dukani, nilisikia aibu. Ngozi imeacha kubanduka, hatujapona bado lakini hanifinyi tena. Shida mpya, hii ya flisi akilala ubavu inavuja pajani.

Otis_wa_Mashine:
Usikaze lastiki, itamkata kinenani. Shona ukingo wa pili kwa ndani, kila upande, usimame kama ukuta wa sentimita tatu hivi, lastiki nyembamba iwe juu ya huo ukuta, na mshono uangalie nje.

OdhisKondele:
Magadi nimerudisha jikoni. Dada ukimaliza huo ukuta piga picha, mzee wangu kiuno ni inchi 38.