Neno la Kijerumani "Zug": treni, upepo, pumzi, kikosi... ni neno moja au mengi?

Tausi_B1
Habari za leo wakuu. Kitabu cha A1, ngazi ya kwanza ya kujifunza Kijerumani, kinasema der Zug ni treni, basi. Ukipanda hadi B1 neno limezagaa kila kona: Durchzug ni upepo unaopita dirisha hadi dirisha, Atemzug ni pumzi moja, Bettbezug ni kava la duveti, Kontoauszug ni taarifa ya benki, Anzug ni suti. Kwenye sataranji "Weiß am Zug" ni zamu ya weupe, na jeshini Zug ni kikosi. Haya ni maneno tofauti yaliyogongana kwa sauti, kama kaa la moto na kaa wa baharini, au ni shina moja? Na kuna njia ya kuyashika bila kukariri orodha?

Kapi_na_Kamba
Shina ni moja. Zug ni nomino iliyotokana na kitenzi ziehen, yaani kuvuta: ziehen, zog, gezogen. Hiyo h inayogeuka g ni mabaki ya badiliko la sauti la zamani sana, ambalo Mdenmark Karl Verner ndiye aliyelieleza katika karne ya 19. Kigothi, lugha ya kale iliyo ndugu ya Kijerumani, kilisema tiuhan. Kijerumani kikaigeuza ile t ya mwanzo kuwa z, inayotamkwa ts. Kiingereza kikabaki na t, ndiyo maana tug na tow ni ndugu zake. Hata cheo cha Herzog ("duke" kwa Kiingereza) kimo humo: nusu ya kwanza ni jeshi, ya pili ni anayeliongoza, analivuta nyuma yake.

Sisi tuna bahati kwa sababu "vuta" yetu imepita karibu njia ileile. Tunavuta kamba, tunavuta pumzi, tunavuta sigara. Kwa Mjerumani, ein Zug an der Zigarette ni pafu moja, na etwas in einem Zug austrinken ni kumaliza kinywaji kwa mkupuo mmoja. Madirisha mawili yanayotazamana yakiwa wazi, hewa inavutwa katikati yake, na mtu akisema "Es zieht!" anataka ufunge mojawapo. Jiko la kuni lenye dohani isiyo na Zug halivuti moshi kwenda juu. Moshi unarudi chumbani, na hapo hakuna mzaha, maana monoksidi ya kaboni haina harufu. Hata chai: pakiti ikiandika "5 Minuten ziehen lassen", wanasema uiache dakika 5 ikolee.

Treni imekuja mwishoni kabisa. Reli ya kwanza ya treni za mvuke Ujerumani, Nürnberg hadi Fürth, ilifunguliwa tarehe 7 Desemba 1835, na wakati huo Zug lilikuwa tayari, tangu kitambo, na maana ya msururu wa vitu au watu wanaofuatana: maandamano, msafara, ndege wahamao, kikosi cha askari. Behewa kufuata behewa likaingia humo bila shida. "Treni" yenyewe, iliyotufikia kupitia Kiingereza, asili yake ni neno la Kifaransa cha kale la kuburura. Wazo ni lilelile, mlango tu ni mwingine.

Makaratasi
Kapi kamaliza asili. Mimi naongeza upande wa ofisini, kwa sababu huko ndiko Zug linakotoza watu hela.

Angalia kiambishi cha mbele, kisha jiulize kitu kinavutwa kwenda wapi. Kontoauszug: kimevutwa nje ya hesabu yako. Bezug: kinavutwa juu ya mto au duveti kukifunika. Entzug: umenyang'anywa, iwe leseni ya udereva au dawa ya kulevya. Abzug ndilo sumbufu, kwa kuwa ab ni "kuondoka" na vinavyoondoka ni vingi: makato ya mshahara, kifyatulio cha bunduki, picha iliyochapwa kutoka negativu, majeshi yanayorudi kwao, na ile mashine ya kunyonya moshi juu ya jiko. Ukilikuta kwenye hati ya mshahara ni makato, usiogope bunduki.

Verzug ni kuchelewa kutimiza wajibu, hasa deni. Kwa kawaida mdaiwa huingia Verzug akipewa onyo la kulipa, au siku 30 tangu deni lifikie muda wake na ankara imfikie. Ila kama mdaiwa ni mtu binafsi, kanuni ya siku 30 haimgusi mpaka ankara yenyewe iwe imemtahadharisha. Kuanzia hapo riba inahesabiwa: kwa mtu binafsi ni pointi 5 za asilimia juu ya kiwango cha msingi cha riba.

Umzug ni kuhama nyumba, na pia ni maandamano ya sherehe. Ukihama una wiki 2 tangu kuingia kwenye nyumba mpya kujiandikisha, ukiwa na karatasi ya mwenye nyumba inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung. Hapa ndipo sarufi inapowaangusha wengi. "Ich bin umgezogen" ni nimehama. "Ich habe mich umgezogen" ni nimebadilisha nguo. "Ich bin ausgezogen" nimehama nyumba ile, "ich habe mich ausgezogen" nimevua nguo. Ukihama mahali, kitenzi kisaidizi ni sein (ich bin). Ukivuta kitu, au nguo mwilini mwako, unatumia haben (ich habe). Ukichanganya mbele ya karani atakuelewa, ila atatabasamu.

Zamu_ya_Usiku
Kwa wanaokwenda Ujerumani kusomea uuguzi kuna mtego ambao hamjautaja: si kila neno linaloanza na herufi z-u-g ni Zug. "Einen Zugang legen" ni kuweka kanula kwenye mshipa. Hilo ni zu + Gang, njia ya kuingilia, halina undugu na kuvuta. Vivyo hivyo Zugriff (kukifikia kitu) na zugleich (wakati uleule).

Sikio litakusaidia. Zug linatamkwa "tsuuk", g ya mwisho inakuwa k, na inabaki k katika Zugluft (upepo wa dirishani) au Zugvogel (ndege mhamaji). Kwenye Zugang utasikia g kamili, "tsuu-gang". Uwingi die Züge unairudisha g, kwa hiyo kipimo hiki ni cha maneno ya kuungwa tu. Kaskazini wengi husema "tsuch" kwa u fupi. Ni neno lilelile.

Wodini utakutana na eine Spritze aufziehen, kuvuta dawa kwenye sindano, na Zugsalbe, mafuta meusi ya kupaka jipu ili likusanye usaha na kuiva. Na mgonjwa akisemwa "liegt in den letzten Zügen", hangoji treni. Yuko kwenye pumzi zake za mwisho.

Chesi_na_Sheria
Mawili tu. Zugführer si dereva wa treni. Dereva ni Lokführer. Zugführer ni msimamizi wa safari ndani ya treni, na jeshini ni kamanda wa Zug.

La pili, "Zug um Zug". Kwa watu wa kawaida ni hatua kwa hatua, kama kete zinavyosogezwa kwa zamu. Mahakamani ni nipe nikupe: hukumu ikisema unalipa Zug um Zug gegen Rückgabe des Autos, hulazimiki kutoa pesa kabla gari halijarudishwa, na mwenzako hatoi gari kabla hajaona pesa. Anayeisoma kama "kwa awamu" ameipindua hukumu nzima.

Tausi_B1
Asanteni sana, mmenifungua. Kwa hiyo Zugabe wanayoipigia kelele mwisho wa konseti ni zu + Gabe?

Zamu_ya_Usiku
Ndiyo, nyongeza. Sikiliza g.

Kapi_na_Kamba
Halafu jipime na hili: "etwas in vollen Zügen genießen". Maana yake ni kufaidi kitu kwa mikupuo iliyojaa, mpaka mwisho. Ila "in vollen Zügen" ni pia "kwenye treni zilizojaa", na Wajerumani hawaachi kukutupia utani huo wakikuta umesimama mlangoni mwa behewa Ijumaa jioni.